Jigi, rili na zumari la kiwiko: jinsi ya kuanza kusikiliza muziki wa asili wa Ayalandi

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu Mombasa. Siku moja alinitumia ujumbe: "Mjomba, huo muziki wako wa Waayalandi nimeusikiliza nusu saa nzima. Mbona ni wimbo mmoja tu?" Nilicheka peke yangu, maana maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe usiku wa kwanza nilipoketi karibu na wapigaji mjini Galway, enzi zile nikisoma huko. Fidla zilikwenda saa mbili bila kupumua. Mimi nilikuwa nikingoja mwimbaji afungue mdomo, na hakufungua mtu.

Sisi tuliokulia kwenye taarab, rumba na bongofleva tumezoea kuifuata sauti ya mtu: ubeti, kiitikio, ubeti. Katika muziki wa dansi wa Ayalandi anayeimba ni lahani yenyewe. Maneno hayapo, na hakuna zamu ya mpiga gitaa kujionyesha. Lahani hupigwa, hurudiwa, hubadilishwa kidogo hapa na pale, kisha nyingine huingia mlangoni kabla ya ile ya kwanza kutoka. Ukijua pa kutega sikio, nusu saa huwa fupi. Nilimwelekeza mpwa wangu kwa hatua zifuatazo, pamoja na mambo ambayo ujumbe wa simu haukuweza kubeba.

Kabla ya yote: achana na "Celtic" ya kulalia

Andika "Celtic music" kwenye simu uone. Utaletewa saa nane za kinubi cha kompyuta, sauti ya mvua na picha ya msitu wenye ukungu. Anayetafuta usingizi ataupata. Anayetafuta muziki atakata tamaa siku ya kwanza na kudhani ameshaujua.

Neno Kikelti kwa maana yake ya leo lilianzia kwenye lugha: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi, Kibretoni na wenzao ni jamaa moja. Kulibandika kwenye muziki kulikuja baadaye sana, na wauza rekodi walilipenda kwa sababu lilitosha kufunika kila kitu. Wapigaji wenyewe husema "trad" tu, kifupi cha "traditional", yaani wa asili. Tafuta kwa neno hilo, au bora zaidi, tafuta kwa jina la mpigaji.

Hatua ya kwanza: lahani moja, wiki nzima

Usianze na albamu. Anza na jigi, yaani lahani ya dansi ya mdundo nitakaoueleza hatua ya pili, iitwayo The Kesh. Wanafunzi wengi hufundishwa hiyo mapema, na kundi la The Bothy Band liliitumia kufungulia albamu yake ya kwanza mwaka 1975. Ila hao Bothy Band waweke akiba kwanza. Tafuta mtu anayeipiga polepole kwa filimbi moja au fidla moja. Ukikuta wote wana haraka, punguza mwendo wa video hadi robo tatu. YouTube ina kitufe cha kazi hiyo, na noti hazitaharibika.

Sasa hesabu. Lahani ina sehemu mbili, tuziite A na B, na kila sehemu ina vipimo vinane, kila kipimo mguu ukigonga mara mbili. A hupigwa mara mbili, kisha B mara mbili. Jumla ni vipimo 32, ambavyo kwa mwendo wa kawaida wa wachezaji humalizika ndani ya nusu dakika hivi. Halafu wanarudi mwanzo. Wakishaizunguka mara tatu wanaingia lahani ya pili bila kusimama, na baada yake ya tatu. Mkururo huo huitwa seti. Lahani tatu, kila moja mara tatu, ni dakika nne na nusu. Ndiyo maana mgeni husikia "wimbo mmoja mrefu".

Zoezi ni hili: kila B inapoingia, inua kidole. Mara nyingi B hupanda juu kuliko A, kwa hiyo itakusaidia yenyewe. Siku ya kwanza utachelewa, siku ya pili utawahi mno. Siku utakapoinua kidole huku unafikiria chakula cha jioni, hatua hii umeimaliza. Mpwa wangu alitumia siku nne. Mimi nilitumia wiki mbili, lakini sina aibu nayo.

Ukishaimudu The Kesh, sikiliza seti nzima ya Bothy Band na uvizie pale lahani moja inapoiachia nyingine. Kwenye baraza la wapigaji utasikia mtu akipaza "hup!" sekunde chache kabla. Mara nyingi ufunguo wa muziki nao hubadilika papo hapo, na chumba kizima huchangamka kama gari lililoingizwa gia mpya katikati ya mlima. Wengi wetu tuliponaswa, tulinasiwa hapo.

Hatua ya pili: mdundo utie mdomoni

Waayalandi huwafundisha watoto midundo kwa majina ya vyakula. Yao hayatufai kwa sababu ya mkazo wa maneno, basi mimi nimetengeneza yetu. Sema kwa sauti, ukikaza silabi ya kwanza ya kila chakula:

Wali na kuku na ndizi na chai.

Hiyo ni jigi. Silabi tatu, tatu, tatu, kisha pumziko dogo. Ukiisema haraka huku unagonga meza kwenye WA, KU, NDI na CHA, tayari unacheza. Sisi wa pwani tuna bahati hapa, kwa kuwa chakacha nayo hutembea kwa sita. Utotoni nilikuwa nikichungulia chakacha za harusi kupitia upenyo wa makuti mpaka nifukuzwe, na nadhani ndiyo sababu jigi ilinikaa miguuni mapema kuliko mdundo mwingine wowote. Ila usitegemee zile ngoma tatu zinazobishana. Katika jigi ubishi wote umo ndani ya lahani, na mguu wa msikilizaji ndio ngoma.

Rili ni nne nne: chapa kazi, chapa kazi, chapa kazi, chapa kazi. Ndiyo inayopigwa zaidi kuliko zote, na ndiyo inayomchosha mgeni, kwa kuwa noti humiminika bila mwanya. Jaribu Drowsy Maggie. Sehemu yake ya kwanza inarudirudi kwenye noti moja ya chini kama mtu anayegonga mlango, kwa hiyo huwezi kupotea.

Kuna slipu-jigi, ambayo ina tatu tatu lakini mara tatu badala ya mbili: "wali na kuku na ndizi na", kisha unaanza tena bila chai. Inaelea. The Butterfly ndiyo mlango wake. Kuna honpaipu, yenye noti nne kama rili ila inachechemea kwa madaha. Na kuna polka ya mpakani mwa majimbo ya Cork na Kerry, fupi na yenye nguvu. Ikiwa uliwahi kuitazama filamu ya Titanic ya mwaka 1997, polka umeshaisikia: pale abiria wa daraja la tatu wanaporuka na kuzunguka kule chini melini, mojawapo ya lahani zinazopigwa ni John Ryan's Polka.

Ukitaka kuona jinsi miguu inavyoisoma midundo hii, tazama onyesho la awali la Riverdance, la Aprili 1994 huko Dublin, wakati wa mapumziko ya shindano la nyimbo la Eurovision. Ni dakika saba. Mikono imetulia mbavuni, kazi yote iko chini ya magoti. Nikiwa mkweli, baada ya hizo saba sikuwahi kutamani za ziada.

Hatua ya tatu: itenge kila ala

Wapigaji sita mezani hupiga lahani ileile kwa pamoja. Hawagawani sauti kama kwaya. Ndiyo maana mwanzoni unasikia ukuta, na dawa ya ukuta ni kusikiliza tofali moja moja, yaani mpigaji aliye peke yake.

Nyingi ya ala hizi si ngeni kwetu. Fidla na kodiani ni zilezile za taarab ya Unguja, mkono ndio tofauti. Filimbi ya bati ina tundu sita na sauti ya ndege mkorofi. Filimbi ya mti hushikwa kwa ubavu, na mpigaji mzuri hukuachia usikie pumzi yake, kwani ni sehemu ya mdundo. Konsatina ni mdogo wake kodiani, ina pembe sita, na katika jimbo la Clare inapendwa kupita kiasi. Banjo ya nyuzi nne hudonoa. Gitaa na bouzouki, ambayo ilitoka Ugiriki na kuingia Ayalandi miaka ya 1960 tu, huweka sakafu ili wengine wasimame juu yake.

Bodhrán, itamke bauron, ni tari pana la ngozi ya mbuzi linalopigwa kwa kijiti kifupi. Zamani lilijulikana zaidi kama chombo cha vijana waliozunguka nyumba kwa nyumba tarehe 26 Desemba. Mtunzi Seán Ó Riada ndiye aliyelipandisha jukwaani na kundi lake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila mgeni hudhani ndiyo ala rahisi, akanunua, akaja nayo. Wenyeji wana utani kwamba bodhrán hupigwa vizuri zaidi kwa kisu.

Zumari la mfuko ndilo lililonifunga mimi. Waayalandi huliita uilleann pipes, tamka ilin, na uille kwa lugha yao ni kiwiko. Mpigaji huketi. Mvukuto ulio chini ya kiwiko kimoja hujaza upepo kwenye mfuko uliobanwa na mkono wa pili, na kinywa kiko huru kabisa. Nimemwona mtu akisalimiana huku anapiga. Usilichanganye na lile la Uskoti linalopulizwa kwa mdomo, lenye noti tisa, lililoundwa lisikike uwanjani. La Ayalandi lina oktavu mbili na sauti ya ndani ya nyumba. Chini yake kuna mabomba yanayovuma noti moja bila kukoma, na juu yake kuna funguo ambazo mpigaji huzibonyeza kwa ukingo wa mkono, ziitikie kama watu watatu kwa mpigo. Wanasema huchukua miaka saba kujifunza, saba kufanya mazoezi na saba kupiga ndipo uitwe mpigaji. Mwaka 2017 UNESCO ililiandika kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Anza na Liam O'Flynn, maana ni safi na haharakishi. Kisha Willie Clancy. Kisha Paddy Keenan, ukiwa umefunga mkanda.

Kinubi, kwa upande wake, umekiona hata kama hujawahi kukisikia. Kipo kwenye chupa ya Guinness iliyopangwa rafuni Nairobi na Dar es Salaam. Kampuni hiyo ilianza kukitumia mwaka 1862, na dola ya Ayalandi ilipozaliwa mwaka 1922 ikataka kinubi kilekile, ikakigeuza kitazame upande wa pili. Linganisha sarafu yao na chupa, utaona. Kinubi halisi walichokiiga wote wawili kimehifadhiwa katika maktaba ya Trinity College, Dublin. Muziki wa wapiga vinubi wa kale ulikuwa umebaki na wazee wachache, na mwaka 1792 walikusanywa Belfast ambapo kijana wa miaka 19, Edward Bunting, aliandika walichopiga. Turlough O'Carolan, kipofu aliyezunguka na farasi na msaidizi wake hadi alipofariki mwaka 1738, hakuwahi kuiona siku hiyo, lakini lahani zake zilifika. Sí Bheag, Sí Mhór ni yake. Isikilize usiku.

Hatua ya nne: lahani moja, mikono mitatu

Sasa rudi kwenye lahani uliyoizoea, uitafute kwa wapigaji watatu tofauti. Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo usikilizaji wenyewe unapoanzia, na hatua hii haiishi.

Sikia jinsi wanavyopamba. Kuna mkato: noti fupi mno inayotangulia noti kamili, kama kope kupepesa. Kuna mviringo: noti ndefu huzungukwa na za jirani yake, juu na chini, halafu ikarudi palepale. Hakuna karatasi inayomwambia mpigaji apambe wapi. Linganisha A ya kwanza na A ya pili. Aliye bingwa hatazipiga sawasawa, ila atabadilisha kwa kiasi ambacho jirani yake wa meza pekee ndiye angegutuka. Mtu aliyewahi kumsikiliza mpiga udi akirudia kitu kilekile mara nne, kila mara akiacha alama ndogo, hahitaji maelezo zaidi.

Kisha kuna lafudhi za majimbo. Fidla ya Donegal, kaskazini-magharibi, ni kali na ya haraka, upinde unakata noti moja moja, na ujirani wake na Uskoti unasikika. Ya Sligo inaruka na kung'aa. Ya Clare mashariki inatembea polepole na ina huzuni hata katika furaha. Kule Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry, polka ndiyo chakula.

Kwa Sligo msikilize Michael Coleman. Alizaliwa mwaka 1891, akahamia Marekani mwaka 1914, na kati ya 1921 na 1936 akarekodi santuri New York. Santuri hizo zilivuka bahari kurudi nyumbani, zikawekwa kwenye gramafoni za vijijini, na wapigaji wa majimbo mengine wakaanza kupiga kama Sligo. Mtindo wa kijiji kimoja ukawa karibu sheria ya nchi kwa sababu mwana wao alikuwa ng'ambo, karibu na mitambo. Mlio wa santuri ni mkwaruzo mtupu. Vumilia dakika mbili, sikio litauacha mkwaruzo na kumfuata mtu.

Ng'ambo hiyohiyo, miaka ishirini kabla, mkuu wa polisi wa Chicago alikuwa Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork na mpiga filimbi. Alikusanya lahani kutoka kwa wahamiaji wenzake, na mwaka 1903 akachapisha kitabu chenye lahani 1,850. Hadi leo wapigaji wakibishana husema "kitabu kinasemaje", wakimaanisha cha kwake. Inasimuliwa kwamba Mwayalandi mpiga fidla hakupata shida kuajiriwa polisi Chicago miaka ile.

Kwa Clare, Martin Hayes. Kuna rekodi yake ya Seattle, yeye na mpiga gitaa Dennis Cahill, yenye seti moja ya karibu nusu saa. Inaanza kama mtu anayejisemea, na mwishoni watu wanapiga kelele. Usiisikilize ukiwa kwenye matatu. Subiri uwe mahali penye utulivu.

Hatua ya tano: kaa kimya kwa ajili ya sean-nós

Baada ya kusema hakuna mwimbaji, nilipaswa kukiri kwamba yupo, ila hupewa nafasi yake pekee. Sean-nós, shan-nos, maana yake ni mtindo wa kale. Mtu mmoja huimba kwa Kiayalandi bila ala yoyote, bila mdundo wa kuhesabika, na sauti huvunjwavunjwa kwa mapambo katikati ya silabi. Aliyelelewa na kasida hataona ugeni huko. Kitakachomshangaza ni uso: hautikisiki. Habari ya msiba inaimbwa kwa utulivu wa mtu anayesoma barua, na huzuni anaachiwa msikilizaji. Wakati mwingine aliyeketi jirani hushika mkono wa mwimbaji na kuuzungusha taratibu kama anayekoroga.

Joe Heaney wa Carna, Connemara, ndiye wa kuanzia. Ukimwona mkavu mno, msikilize Iarla Ó Lionáird kwanza, kisha urudi. Soma maana ya maneno kabla, kwa lugha unayoijua, maana nyimbo hizi zina visa.

Hatua ya sita: sasa makundi

Hapa sitakawia, kwa sababu ukifika hapa utaendesha mwenyewe. The Chieftains, kundi lililoanzishwa na Paddy Moloney mwaka 1962, ni wa kukaribishia wageni. Planxty, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliunganisha nyimbo na zumari la Liam O'Flynn. The Bothy Band walikuja baadaye kidogo na moto ambao haujazimwa. Clannad wa Gaoth Dobhair, Donegal, wana sauti laini. Enya alitoka kwenye familia hiyo. Altan wanakupa Donegal yenye makali. Ukitaka ya vijana wa leo, Lankum wa Dublin wanachukua ule mvumo wa zumari na kuufanya uwe mzito mpaka kifua kitikisike. Mpwa wangu aliwapenda hao kuliko wote niliowataja kwa heshima, nami nimekubali.

Hatua ya saba: kwenye baraza la wapigaji

Baraza lenyewe wanaliita seisiún, au sesheni kwa matamshi yetu. Si onyesho. Wapigaji wameelekeana, wanakupa mgongo, na hawajali kama upo. Mara ya kwanza niliona ni ufidhuli. Kumbe mimi ndiye niliyeingia sebuleni kwao.

Kama utafika Ayalandi, au kama unaishi London, Boston au mji mwingine wenye Waayalandi wengi, fuata adabu hizi. Usikae kiti kilicho wazi ndani ya duara. Kina mwenyewe, ameenda tu chooni. Usiweke soda yako karibu na fidla. Usipige makofi kufuata mdundo, maana makofi ya wageni huchelewa na huwavuruga. Tumia mguu, kimya kimya. Mtu akiimba, hata mhudumu huacha kugonganisha glasi, nawe ukatize hadithi yako. Kurekodi kwa simu kunataka ruhusa. Kusema "pigeni ile ya Titanic" kunataka moyo.

Baraza hizi nyingi hufanyika baa, na najua wapo wasomaji ambao hawaingii baa kwa dini au kwa umri. Sheria ya Ayalandi yenyewe humtoa baa aliye chini ya miaka 18 ifikapo saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba, kwa hiyo tafuta baraza za mchana. Lakini pia ujue kwamba muziki huu haukuzaliwa baa. Kwa muda mrefu makao yake yalikuwa jikoni, kwenye nyumba za watu, sakafu ikiondolewa meza. Sheria ya kumbi za dansi ya mwaka 1935 ilidai leseni na kuzibana sana dansi za majumbani, na desturi ya kukutana baa ilishika nguvu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa kati ya wahamiaji wa London waliokuwa wakipanga vyumba vidogo na hawakuwa na jiko la kualikia mtu.

Pengine pa kwenda ni Fleadh Cheoil, tamka fla kyol, tamasha la kila Agosti linaloendeshwa na chama cha muziki wa asili cha Comhaltas tangu 1951, mwaka kilipozaliwa mjini Mullingar. Linahama mji, mwaka 2024 na 2025 lilikuwa Wexford. Barabara nzima hujaa wapigaji, bure, mchana kweupe. Mashindano yake yana madaraja ya walio chini ya miaka 12, wa 12 hadi 15, na wa 15 hadi 18, na hao wa 15 watakufanya utake kutupa simu yako baharini. Mwezi Julai, Miltown Malbay katika jimbo la Clare, kuna wiki ya masomo ya Willie Clancy, iliyoanza 1973, mwaka uleule alipofariki.

Na ikiwa hutoki Likoni wala Kigamboni mwaka huu, Hifadhi ya Muziki wa Asili ya Ayalandi iliyoko Merrion Square, Dublin, imeweka rekodi nyingi mtandaoni bila malipo. Pakua usiku bando likiwa rahisi.

Ukiwashwa na vidole

Nunua filimbi ya bati ya ufunguo wa D. Kule huuzwa kwa euro 10 hadi 15. Hapa itabidi uagize au umbebeshe mtu anayerudi. Ziba tundu zote sita, puliza kama unayepoza uji, utapata D. Inua kidole cha chini kabisa, panda mmoja mmoja. Puliza kwa nguvu kidogo, noti zilezile zitatoka oktavu ya juu. Wiki ya kwanza fanya mazoezi mbali na watu unaowapenda.

Jifunze The Kesh kwa sikio, vipimo viwili kwa siku, bila karatasi. Ndivyo wanavyofundishana wao, na ndiyo njia pekee ambayo mikato huingia yenyewe.

Majirani wa mbali

Ukishatulia Ayalandi, tembea. Uskoti ina strathspey, mdundo unaokatika ghafla kama kwikwi, na nyimbo za mdomo za kuchezea dansi pale ambapo hakuna ala. Wahamiaji Waskoti walizipeleka fidla zao Cape Breton, Kanada, ambako Natalie MacMaster hupiga huku anacheza. Bretagne, Ufaransa, wana bombarde, zumari ambalo mtu wa Lamu atalitambua kwa ukali wake, na dansi za usiku ziitwazo fest-noz. Galicia ya Hispania wana gaita, zumari lao la mfuko. Mtafute Carlos Núñez. Wote hukutana kwenye tamasha la Lorient, Bretagne, kila Agosti tangu mwaka 1971.

Halafu tafuta albamu ya kwanza ya Afro Celt Sound System, ya 1996. Zumari la kiwiko limo, Iarla Ó Lionáird yumo, na katikati yao utasikia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Anayeipiga ni Ayub Ogada wa Kenya.

Jana mpwa wangu alinitumia sauti. Kijiko na meza, wali na kuku na ndizi na chai, huku akipuliza The Kesh kwa mluzi. A alizipiga tatu badala ya mbili, B akaiingia amechelewa, akasimama, akasema "ngoja, ngoja, Mjomba", akaanza upya.